Kutoka Sataranji Hadi Gemu: Historia Tunayoicheza na Kuila Lusail

Katika chama chetu kuna mjadala usiokwisha. Upande mmoja wako wenzetu wanaosema kwamba jarida la Kiswahili lina kazi ya kuandika juu ya tenzi, methali na sarufi, na kwamba gemu, baga na michezo ya mezani ya kuigiza wahusika ni mambo ya kigeni yanayotupotezea muda. Upande wa pili tupo sisi tunaovipenda vitu hivyo. Makala haya hayatetei uvivu. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba asili ya vitu hivyo ilipita katika bahari yetu zamani sana, kabla haijafika kwenye maduka ya Lusail. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama kitu ni kigeni, bali ni kama tulikitia mkono wetu kilipotufikia.

Tuanze na mahali tulipo. Lusail ya leo ni minara ya vioo, barabara pana na uwanja uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia tarehe 18 Desemba 2022, mbele ya watazamaji 88,966. Lakini jina lenyewe ni la zamani. Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa Qatar, aliishi Lusail mwishoni mwa maisha yake na akafia huko mwaka 1913. Enzi zake uchumi wa Ghuba ulikuwa lulu na majahazi. Majahazi hayo yaliteremka Afrika Mashariki kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende, na yakarudi kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, kwa sababu Ghuba haina miti ya kuezekea nyumba. Biashara hiyo iliendelea mpaka karne ya 20. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait mpaka Zanzibar na Rufiji mwaka 1938 na 1939, na akaiandika safari nzima.

Upepo hauharakishwi. Nahodha aliyefika Mombasa au Zanzibar kwa kaskazi hakuwa na budi kungoja kusi ianze kuvuma, na kungoja huko kulikuwa kwa miezi, si kwa siku. Watu wanaongoja hufanya nini? Huzungumza, hucheza, na hula vitu vidogo vidogo vinavyouzwa karibu. Vitabu vya historia huandika bei ya pembe na majina ya masultani, lakini saa hizo za kungoja haziandikwi sana. Zimebaki ndani ya maneno.

Tazama karata. Neno lenyewe ni la Kireno, na rangi zake ni hivyo hivyo: kopa, uru, pau na shupaza zinatokana na copas, ouros, paus na espadas. Hata turufu imetoka huko. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, ikatekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili. Wareno wakafukuzwa. Mizinga yao ikanyamaza, lakini shupaza yao ikabaki barazani, mikononi mwa watu waliowafukuza. Na meza tunayowekea karata hizo, nayo ni neno la Kireno.

Sataranji ina safari ndefu zaidi. Ilianza India kwa jina la chaturanga, maana yake jeshi la vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Ikaenda Uajemi, ikapokewa na Waarabu kwa jina la shatranj, na kutoka kwao likaja neno letu. Tawi jingine lilifika Ulaya. Huko Ujerumani, mwaka 1780, Johann Hellwig aliipanua sataranji ikawa mchezo wa kufundishia vita. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita uliotumia ramani, dadu na mwamuzi. Michezo ya namna hiyo ikatoka kambini ikaingia majumbani, hadi mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walipochapisha Dungeons & Dragons. Badala ya kuongoza jeshi zima, kila mchezaji sasa aliongoza mtu mmoja, na mwamuzi akawa msimulizi. Kufikia mwaka 1975, watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa PLATO katika vyuo vya jimbo la Illinois walikuwa wameshaanza kuuiga mchezo huo kwenye skrini. Gemu nyingi tunazocheza leo, zile za kupanda ngazi, kukusanya silaha na kuongeza nguvu za mhusika, ni wajukuu wa jaribio hilo.

Kwa hiyo kijana anayecheza gemu ya namna hiyo katika jumba la maduka la Place Vendôme, hapa Lusail, anacheza kitukuu cha mchezo uliovuka bahari hii hii. Kutoka sataranji hadi gemu hakuna hatua iliyorukwa. Na ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ukiuchambua, ni vitu vitatu: hadithi, dadu na kanuni. Bibi zetu wangeshangaa kuona dadu imewekwa katikati ya hadithi, lakini mwamuzi wasingemshangaa. Wao wenyewe ndio waliokuwa wakiamua nani anaingia kwenye pango la zimwi na nani anatoka.

Tuje kwenye chakula. Wanaolaumu chakula cha haraka husema kwamba kimeletwa na kampuni za Marekani. Baga zililetwa nazo, hatubishi. Lakini chakula cha kununua ukiwa umesimama ni cha kale mno katika bahari hii. Sambusa ina asili ya Uajemi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliikuta katika karamu za sultani wa Delhi, imejazwa nyama ya kusaga na lozi. Watu wa Qatar nao huiita sambusa, na hawaikosi mwezi wa Ramadhani. Kaimati vilevile. Hapa huitwa luqaimat, yaani vitonge vidogo, na ndugu yake, tonge la kadhi, amo katika kitabu cha mapishi alichoandika al-Baghdadi mwaka 1226. Mwanafunzi wa Tanga au Lamu anayefika Doha mara ya kwanza, akala kaimati zilizochovywa shira, hahitaji kufundishwa chochote isipokuwa kutamka ile “lu” ya mwanzo.

Karak je? Ni chai ya maziwa iliyokolea, yenye iliki, na jina lake linatokana na neno la Kihindi na Kiurdu lenye maana ya kali au nzito. Ilikuja Ghuba na watu wa India na Pakistani. Leo Mqatari huinunua bila kushuka garini, na chapati juu yake. Kama kuna chakula cha haraka cha hapa chenye haki ya kuitwa cha taifa, basi ni hicho. Na chapati, sisi tunaijua.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Si kila aliyevuka bahari alivuka akiwa na karata mfukoni. Waafrika wengi waliletwa Ghuba utumwani, wakazamishwa kutafuta lulu na kutumikishwa majumbani, na Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952 tu. Nyumba ya Bin Jelmood, iliyopo Msheireb katikati ya Doha, ni makumbusho ya habari hizo, na tunamsihi kila mwanachama aende. Watu hao nao waliacha burudani yao hapa. Ngoma ya lewa, inayopigwa Qatar, Bahrain na Oman, imetoka Afrika Mashariki, na katika nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawayaelewi tena. Oman kuna mchezo wa hawalis, wenye safu nne za mashimo saba saba. Anayejua bao letu, safu nne za mashimo manane na kete 64, atautambua papo hapo.

Hapo ndipo hoja yetu inaposimama. Wazee wetu hawakukataa mchezo wa mgeni, na wala hawakuupokea wakiwa wamekunja mikono. Waliupa majina, wakaubadili kanuni, wakabishana juu yake kwa lugha yao mpaka ukawa wao. Sisi je? Fungua gemu ya simu utazame orodha ya lugha. Utakuta Kiarabu, Kituruki na Kikorea, lakini Kiswahili ni nadra. Mwezi Januari 2022, KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa, katika nchi ambayo wakulima wake wanalima viazi. Wakenya walikasirika, na hasira yao ilikuwa na maana: kitu kilikuwa kimeingia nchini bila mkono wa mwenyeji kukigusa. Hatari iko hapo. Baga na gemu zenyewe hazina kosa.

Na kungoja hakujaisha. Lusail imejaa Wakenya, Waganda na Watanzania wanaolinda milango, kuendesha magari na kuhudumia mezani, nao wanangoja zamu iishe, mkataba uishe, nauli ya nyumbani itimie. Wanangoja kwa karata, kwa keram, kwa gemu ya simu na kikombe cha karak. Kama hakuna atakayeandika wanacheza nini na wanakiitaje, baada ya miaka 50 patabaki kama pale bandarini: maneno machache, bila watu.

Tunapendekeza mambo mawili kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Kwanza, kila mwanachama amsikilize mfanyakazi mmoja, kwa ridhaa yake, na aandike majina ya michezo na vitafunio vya mapumziko yake. Pili, chama kiandae jioni moja ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, ukiwa na msimulizi, dadu na zimwi. Walimu wetu wanaoupinga mchezo huo tunawakaribisha kwanza. Nafasi ya zimwi bado ipo wazi, na kaimati tutanunua sisi.