Siku ya Kazi katika Mvua ya Desemba: Sura Moja ya Historia ya Rungwe

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za watawala, vita na mikataba, na kwamba siku ambayo halikutokea jambo kubwa haina historia. Kwa dhana hiyo Tukuyu hutajwa vitabuni kwa ajili ya boma la Wadachi, lililohamishiwa huko kutoka Langenburg, pwani ya Ziwa Nyasa, likaitwa Neu-Langenburg. Tena hutajwa kwa ajili ya Waingereza, walioiteka nchi ile mwaka 1916. Baada ya hayo kalamu huwekwa chini. Namwomba msomaji aitazame pamoja nami siku moja ya kazi ya mwezi wa Desemba, isiyo na vita wala mkataba, tuone kama kweli haina historia.

Siku hiyo huanza kwa mvua. Sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ifikapo Desemba majira ya mvua yamekwisha kushika. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, huweza kufichwa na ukungu kutwa nzima. Lakini mvua haimpi mtu ruhusa ya kulala. Mahindi yataka palizi, na mchai huchipua upesi kwa sababu ya maji. Mchumaji hutafuta majani mawili na chipukizi lake; akikawia, majani hukomaa yasifae; akiisha kuyachuma, hapana budi yafike kiwandani yangali mabichi. Kwa hiyo mama wa Rungwe hujifunga nailoni kiunoni, hutia kikapu mgongoni, akaingia shambani huku maji yakimtiririka usoni. Na saa za alasiri humkuta penye mizani, akingoja kilo zake zihesabiwe.

Kazi hiyo yaonekana kuwa ya siku zote, lakini ina umri wake. Chai ililetwa na Wadachi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikakuzwa katika mashamba makubwa zama za Waingereza, kisha tangu miaka ya 1960 ikaenea katika viunga vya wakulima wadogo. Saa ambazo mama yule hunyeshewa zimepangwa na serikali tatu zilizofuatana. Je, hiyo si historia?

Tena kuna muziki. Desemba ikiingia, vipaza sauti vya madukani mjini Tukuyu huanza kuimba Krismasi, na jioni husikika mazoezi ya kwaya na tarumbeta makanisani. Asili ya tarumbeta hizo ni ndefu. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian, miongoni mwao Theodor Meyer, walijenga kituo chao Rungwe. Mwaka huo huo wenzao wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika katika nchi ya Wanyakyusa. Kanisa la Moravian lilikuwa na makao yake Herrnhut, Ujerumani, ambako tangu karne ya 18 ala za shaba zilipigwa kutangaza sikukuu na hata vifo vya waumini.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Huko Herrnhut Desemba ni mwezi wa baridi kali. Ardhi imelala, na mkulima ameketi karibu na moto. Rungwe Desemba ardhi imeamka na jembe liko kazini. Sikukuu ya majira ya kupumzika ilitua katika majira ya kazi. Ilipataje kuota mizizi?

Jibu langu ni hili: ilikuta jioni iliyokwisha tengenezwa. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu chake juu ya vijiji vya watu wa rika moja. Wavulana wa umri wa miaka kama kumi walitoka nyumbani mwa baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja. Wakala pamoja, wakazungumza pamoja. Mazungumzo hayo ya wenzi yaliitwa ukwangala, nayo hayakuwa mchezo mtupu: ndani yake mtu alijifunza adabu, hekima na namna ya kusema mbele ya wenziwe. Basi kwaya ilipokuja, watu wa rika moja wakikutana chumbani baada ya kazi, nguo zikingali na unyevu, haikuwa desturi ngeni kabisa. Wimbo ulikuwa mgeni. Baraza lilikuwa la wenyeji.

Ushahidi ni kwamba wageni waliondoka, na nyimbo zikabaki. Katika Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wadachi walichukuliwa; Waskoti wa Livingstonia wakasaidia kulitunza kanisa, hata wenyewe waliporejea katika miaka ya 1920. Vita ya Pili ikawaondoa tena. Mara zote mbili walimu na wazee Waafrika waliendelea kukusanya watu. Kama uimbaji ule ungalikuwa mali ya mgeni tu, ungalisafiri pamoja naye.

Jioni moja ya Desemba nilijikinga mvua barazani mwa kanisa moja karibu na Tukuyu. Ndani walikuwa wanafunzi, wachumaji wa chai na mzee mmoja mwenye tarumbeta iliyobonyea. Kila walipokosea, mzee aliishusha, akawaimbia sauti yao kwa kinywa, kisha wakaanza upya. Hapakuwa na kitabu mbele yake; yote yalikuwa kichwani.

Vijiji vya marika vimekwisha toweka, na mzee yule hataishi milele. Kilo za chai zimeandikwa madaftarini tangu zamani, kwa kuwa zina bei, jioni hazikuandikwa. Mwanafunzi anayerudi kwao likizo ya Desemba asingoje kupewa jambo kubwa la kuchunguza. Na akae na wazee baada ya kazi, aulize nani alimfundisha nani, na wimbo upi uliimbwa mwaka upi, kisha aandike. Mvua itamsaidia, maana itawazuia wote wasiondoke mapema.