Lenzi ya Babu Ilininyima Macho ya Shosho, na Bado Siiuzi

Kila nikiposti picha ya usiku, lazima mtu aulize natumia simu gani. Wasee, si simu. Ni lenzi yenye umri mara mbili yangu: Nikkor ya milimita 35, f/1.4. Wengi mnauliza kama mnunue. Tuanze na historia, mkipenda mtaniambia niliacha chuo mwaka wa pili kwa nini.

Kamera za SLR zina kioo kinachoruka juu ukipiga picha. Hicho kioo kinataka nafasi, ndiyo maana kwa Nikon lenzi inafungwa milimita 46.5 mbele ya filamu. Sasa lenzi pana ya milimita 35 kiasili ingetaka kukaa karibu zaidi. Itagongana na kioo. Mwaka wa 1950, Pierre Angénieux wa Ufaransa alitoa suluhisho: weka mbele glasi zinazotawanya mwanga kwanza, na lenzi itaweza kukaa mbali. Akaiita Retrofocus. Ilikuwa f/2.5, na kuifungua zaidi ya hapo kulileta ukungu na kona chafu.

Nikon walifika f/1.4 mwaka wa 1971. Glasi 9 katika makundi 7, zikiwa na tabaka nyingi za kuzuia mwanga usirukeruke ndani. Tena baadhi ya glasi husogea kivyake ukikaribia kitu, ujanja waliouanza 1967 kwenye lenzi yao ya milimita 24.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Filamu ya wapiga picha wa magazeti, Kodak Tri-X, ilikuwa ASA 400. Basi. Hakukuwa na kuongeza ISO kwa kidole. Lakini f/1.4 inaingiza mwanga mara nne ya f/2.8, kwa hivyo picha ya sehemu 1 kwa 15 ya sekunde inakuwa 1 kwa 60. Hapo ndipo mkono wa mtu unaacha kuwa moshi.

Mazuri yake basi. Kuanzia f/4 hadi f/8 inakata kama wembe. Inakaribia hadi sentimita 30. Ni chuma tupu, na pete ya fokasi inazunguka laini kama siagi.

Mabaya, na usidanganywe na muuzaji. Kwenye f/1.4 picha ina ukungu, na taa za barabarani zikiwa kwenye kona zinaota mabawa. Haina fokasi ya otomatiki. Zile za kwanza kabisa zina glasi ya thoriamu inayogeuka manjano na miaka. Na toleo la kabla ya 1977 ambalo halijarekebishwa, usililazimishe kwenye DSLR za kawaida za Nikon, utavunja kitu.

Yangu niliipata duka moja la mitumba tao, nikalipa pole pole. Desemba nikaibeba ushago. Usiku stima zikapotea, shosho akawasha koroboi akaketi karibu nayo. Uso wake kwa ule mwanga, wacha tu. Nikafungua f/1.4, nikasogea kama nusu mita.

"Wewe kijana, unapiga picha ama umelala?"

"Tulia kidogo, shosho."

Nikapiga tatu. Kwenye skrini ndogo zilionekana moto. Kwa umbali ule, kilicho kwenye fokasi hakifiki sentimita mbili, na yeye alikuwa ameinama kidogo mbele. Sikuvuta karibu kuhakikisha.

Shosho alituacha Machi. Tulipotafuta picha ya kuchapisha kwa matanga, nilifungua zile tatu kwa kompyuta. Sikio liko safi, unahesabu hadi nywele. Macho hayapo, zote tatu. Tukatumia picha ya simu ya mchana, amekunja uso juu ya jua.

Nilitaka kuiuza hiyo lenzi wiki hiyo hiyo. Halafu nikaangalia namba: nilikuwa nimepiga kwa ISO 1600. Kamera yangu inafika 6400 bila shida. Ningefunga hadi f/2.8, nipandishe ISO, na macho yangekuja na chembechembe kidogo. Nani analia juu ya chembechembe?

Hiyo f/1.4 ilitengenezwa kwa watu ambao hawakuwa na njia nyingine. Mimi nilikuwa nayo, nikachagua kuonekana msanii.

Kwa hivyo nunua kama unaitaka. Usiku wa mtaani, barabara ikiwa na maji ya mvua, itakupa kitu simu haikupi. Lakini ukimpiga mtu unayempenda, funga hadi f/2.8, vuta picha karibu uangalie macho, kisha mwombe akae dakika moja zaidi. Atakusumbua kwa maneno. Mwache akusumbue.