KUANZA VYEMA SI KUMALIZA VYEMA



Ukishuka matatu pale Kengeleni, kumbuka kengele iliyopapa jina. Ilikuwa ya watumwa waliokombolewa, waliowekwa na wamishonari katika kijiji cha Frere Town. Kijiji kilipewa jina la Sir Bartle Frere.

Mwaka 1872 Uingereza ilimtuma Frere Zanzibar, amtake Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Juni 1873, alipotishiwa meli za kivita, akatia sahihi, na soko la watumwa likafungwa.

Wengi hukomea hapo. Lakini mwisho wa 1878, akiwa mtawala wa Waingereza kule Afrika Kusini, Frere huyohuyo aliwapa Wazulu masharti wasiyoweza kuyakubali. Januari 1879 vita vikaanza. Maelfu wakafa.

Mpendwa, Sulemani naye alijenga hekalu, kisha uzeeni moyo wake ukageuka (1 Wafalme 11). Usitegemee ushuhuda wa zamani. Walio chini yako leo, nyumbani, kazini, hata kanisani, unawatendeaje?

Omba nami: Bwana, nilinde nisibomoe kwa mkono huu uliojenga. Nisaidie nimalize vyema. Amina.