Kazi Isiyo na Karatasi

Shangazi yangu ana sanduku la bati, na ufunguo wake huufunga kwenye pindo la khanga. Ndani mna vyeti vya ubatizo vya watoto, picha mbili tatu zilizopauka, na karatasi mbili alizozikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Ya kwanza ni barua ya mwaka 1976 ya kumwajiri kuwa karani mpiga chapa katika shirika moja la umma. Ya pili ni ya mwaka 1994, ya kumpunguza kazini. Shirika lenyewe silitaji jina, maana mwenyewe hapendi.

Nilitaka kuandika riwaya juu ya karatasi hizo mbili. Nilipomaliza sekondari na nafasi ya kuendelea isipatikane, nilijiambia basi, nitakuwa mwandishi. Sura ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu nikakwama. Sikujua kwa nini mama yule aliitwa ofisini siku ile yeye, na si mwenzake wa kiume aliyekaa meza ya pili. Shangazi anasema aliulizwa swali moja tu: "Mama, mumeo si anafanya kazi?" Akajibu ndiyo. Jibu hilo likageuka barua. Kutafuta swali lile lilitoka wapi ndiko kulikonitoa kwenye riwaya na kunitumbukiza kwenye historia.

Nianze mbali kidogo, ndugu msomaji, univumilie. Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ulipobomolewa, katika Ujerumani ya Mashariki karibu wanawake 9 kati ya 10 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa kazini au masomoni. Serikali ya kikomunisti iliwataka viwandani, ikawajengea vituo vya kulelea watoto. Si kwamba walilipwa sawa na wanaume, la hasha. Hata katika Muungano wa Kisovieti mshahara wa mwanamke ulikuwa pungufu ya ule wa mwanamume kwa karibu theluthi moja. Lakini kazi ilikuwepo, na karatasi ya kazi ilikuwepo. Soko huria lilipoingia viwanda vikafungwa, vituo vya watoto vikafungwa, na wanawake wengi wakarudi jikoni.

Kuna jambo moja huko ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Mchumi Jennifer Hunt alichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya Ujerumani ya Mashariki baada ya muungano. Alionyesha kwamba pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake lilipungua kwa pointi kumi hivi za asilimia katika miaka michache tu. Ukisikia hivyo unapiga makofi. Kumbe karibu nusu ya upungufu huo ilitokana na wanawake wa mishahara midogo kuondoka kazini kabisa. Wakibaki wenye mishahara mizuri peke yao, wastani unapanda. Aliyefukuzwa hahesabiwi tena.

Sasa utaniuliza, Berlin na Ifakara wapi na wapi? Sisi hatukuwa wakomunisti. Tulikuwa na Ujamaa wetu, wa Mwalimu. Ni kweli. Ila bonde hili la Kilombero lilijengwa kwa mikono ya wakomunisti kuliko sehemu nyingi za nchi. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Wachina walianza kuijenga mwaka 1970 na kuikabidhi mwaka 1976, nayo inapita Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda milima kuelekea Makambako. Pale Mang'ula waliacha karakana kubwa ya vyuma. Mngeta, katikati ya miaka ya 1980, walikuja Wakorea wa Kaskazini kwa ubia na serikali yetu kulima mpunga kwenye shamba la zaidi ya hekta 5,000. Wazee wa huko wanawakumbuka bado.

Katika ujenzi ule wote nani alilipwa? Waliochimba udongo wa reli na kupasua mawe kule Mlimba walikuwa vijana wa kiume walioandikishwa wilaya kwa wilaya. Reli ilipokwisha, baadhi yao wakabaki kuwa mafundi na walinzi wa njia, wenye mshahara wa mwezi. Wanawake waliwapikia na kuwauzia pombe. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichofunguliwa mwaka 1962 na kuongezewa cha pili mwaka 1976, nacho kilikuwa nchi ya wanaume, kuanzia wakata miwa wa makambini hadi mafundi wa mitambo.

Na hapa ndipo Ujamaa unaponitatiza, maana kwa maneno ulimpa mwanamke heshima ambayo wengine hawakuithubutu. Soma Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mle ndani Mwalimu anasema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu hawapumziki, wakati wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Chama tawala kuandika hivyo katika azimio lake kuu si mchezo. Mwaka 1975 sheria ya ajira ikarekebishwa ili kila mfanyakazi mwanamke, awe ameolewa au hajaolewa, apate likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, mara moja katika miaka mitatu. Shangazi aliitumia likizo hiyo. Mtoto wake wa kwanza alimzaa kabla ya ndoa, na anasema bila ya sheria ile angerudi kijijini na aibu yake.

Lakini sheria ile ilimlinda aliyekwisha kuajiriwa, nao walikuwa wachache. Yule wa saa 14 kwa siku alisifiwa tu. James Brain, aliyeandika mwaka 1976 juu ya mipango ya makazi ya walowezi wa vijijini nchini kwetu, alionyesha kwamba mke alilima sawa na mume, na mapato yakaandikwa kwa jina la mume. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamishia watu kando ya reli, nyumba ilihesabiwa kwa kichwa chake, na kichwa kilikuwa baba.

Bibi yangu, mama yake shangazi, marehemu sasa, alikuwa mmoja wa wale ambao hawakuwa kwenye karatasi yoyote. Alikuwa mchuuzi wa mchele. Ndugu msomaji, ukiwahi kula mchele wa Kilombero ukiwa Dar es Salaam, fahamu kwamba kwa miaka mingi biashara ile ilikuwa kosa. Nafaka ilikuwa mali ya Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, na mtu binafsi hakuruhusiwa kusafiri na zaidi ya kilo 30. Bibi alipanda treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, na kilo zake 30 za halali mkononi. Nyingine alizifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto mchanga, na kuzibembeleza akiona mgambo! Shangazi anapoieleza habari hiyo hucheka mpaka machozi. Mimi nikicheka huwa nafikiri: yule mwanamke alikuwa anafanya kazi gani? Kwa lugha ya siku zile aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ikatungwa pia Sheria ya Nguvu Kazi, na mjini mwanamke asiye na kitambulisho cha kazi akaweza kukamatwa kama mzururaji na kurudishwa kwao akalime. Sasa huyu bibi si ndiyo anatoka kulima?

Kisha mlango ukafunguka. Mwaka 1984 kilo 30 zikawa 500. Mwaka 1985 akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka vikaondolewa vyote. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu wapo vijana wenzangu wanaoandika kana kwamba soko huria lilileta kilio peke yake. Bibi alishangilia. Ruksa ilimtoa kwenye uhalifu bila yeye kubadili chochote alichokuwa akifanya. Profesa Jamie Monson, aliyeandika kitabu juu ya reli hii mwaka 2009, alichambua stakabadhi za vifurushi vya stesheni na kuonyesha jinsi wafanyabiashara wadogo walivyoigeuza reli ya madini ya shaba kuwa reli ya magunia yao. Bibi yangu alikuwa mmoja wa watu hao.

Kwa hiyo katika nyumba moja, ndani ya miaka saba, mama aliruhusiwa na binti akaachishwa. Wakubwa wakiitafsiri miaka ile wanataka uchague upande. Mimi nimeshindwa.

Kupunguzwa kwenyewe kulikuja polepole. Tume ya rais ya kurekebisha mashirika ya umma ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na neno "ubinafsishaji" likaingia hata kwenye vilabu vya komoni. Wakorea walikuwa wameondoka Mngeta. Mwaka 1998 kiwanda cha sukari kikauzwa kwa sehemu kubwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, serikali ikibaki na robo ya hisa. Bonde likaanza kugawanyika upya: wenye ajira ya kudumu wachache, vibarua wengi, na wakulima wa nje wanaolima miwa kwenye mashamba yao na kukiuzia kiwanda.

Angalia wanawake wameangukia wapi. Helen Dancer na Emmanuel Sulle walichapisha mwaka 2015 utafiti wao juu ya miwa na jinsia wilayani Kilombero, na waliyoyaandika ndiyo yanayoonekana ukipita Kidatu na Msolwa kwa miguu. Ajira za kudumu wanazo zaidi wanaume. Miwa inataka shamba, na shamba mara nyingi lina jina la mume, kwa hiyo na akaunti ya malipo ina jina la mume. Mke anapalilia shamba ambalo hundi yake haioni. Si kwamba sheria inamkataza: sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zimempa haki sawa ya kumiliki. Lakini kwenda ofisi ya kijiji kudai jina lako liandikwe pamoja na la mume wako, wakati ndugu zake wamekaa kwenye benchi pale nje, kunataka moyo mgumu.

Kwenye mpunga mambo ni yale yale, ila hakuna kiwanda cha kulaumu. Kazi zina jinsia. Trekta, kupiga dawa, kubeba magunia hadi kwenye lori: wanaume. Kupanda, kupalilia ukiwa umeinama kwenye maji, kuamia ndege toka alfajiri mpaka giza ukiwa kwenye dungu: wanawake na watoto. Kibarua wa palizi hulipwa kwa ngwe. Nilipomwuliza mwenye shamba mmoja kama anamlipa mwanamke pungufu alikasirika, na alikuwa na haki. "Ngwe ni ngwe," alisema, "akilima mwanamume nalipa hiyo hiyo." Nilitembea pale siku mbili na sikumwona mwanamume hata mmoja kwenye ngwe. Walikuwa kwenye magunia, ambako siku moja ina hela nzuri zaidi. Hakuna anayemlipa mwanamke kidogo kwa kuwa ni mwanamke. Kazi aliyopewa ndiyo inayolipa kidogo.

Mwaka 1995 Wachina waliotujengea reli waliupokea Beijing mkutano mkubwa wa dunia juu ya wanawake, na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Shangazi alimsikiliza redioni, mwaka mmoja baada ya barua yake. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya ujira sawa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Siku 84 za uzazi zimo pia, na 100 kwa mapacha. Swali la "mumeo si anafanya kazi" leo lingemfikisha mwajiri pabaya. Ila likizo hiyo kwa kawaida inataka uwe umetimiza miezi sita kazini, na palizi ya mpunga haifiki huko.

Pesa ya kiinua mgongo shangazi alinunulia cherehani na kulipa ada za watoto. Cherehani ikachoka. Tangu hapo amelima mpunga, kwanza kwenye eneo la kukodi ng'ambo ya mto, baadaye kwenye ekari mbili za kwake, na kiangazi huuza maandazi. Watoto wanne amewasomesha hivyo. Mumewe alifariki zamani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwuliza maswali ya mwisho kabla sijaandika haya. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka kuamia ndege, tope limemkaukia miguuni, anatafuta maji ya kunawa. Nikamwamkia, nikampokea jembe. Nikauliza, "Shangazi, katika maisha yako umefanya kazi miaka mingapi?"

Alisimama akafikiri, akihesabu kwa vidole.

"Kumi na minane, mwanangu," akasema. "Mwaka wa sabini na sita mpaka tisini na nne. Karatasi si umeziona?"