Skripti Haina Simu

Zamani ukitaka skripti iingie SharePoint, ghala la nyaraka la Microsoft, uliiandikia nywila yako ndani, basi. Kisha ukaja uthibitisho wa simu, na skripti haina simu. Ikabidi programu ipewe kitambulisho chake yenyewe.

Wakenya tuliuzoea mchezo huo kwenye Daraja, iliyozinduliwa na Safaricom mwaka 2017 kwa ajili ya M-Pesa: unatoa ufunguo na siri, unapewa tokeni ya sekunde 3,600. Nami nikafanya vivyo hivyo kwa SharePoint. Tokeni nikapata, mlangoni nikakataliwa: 401. Nikabadilisha siri mara tatu (bando nayo inaisha!).

Kosa lilikuwa langu. Programu iliyosajiliwa Entra ID, ambayo hadi 2023 iliitwa Azure AD, SharePoint huitaka ije na cheti. Kwa siri tokeni hutoka lakini haifungui kitu. Siri ilikubalika kwenye njia kongwe ya ACS, ndiyo inayofundishwa na maelekezo mengi ya zamani. Novemba 2023 Microsoft ilitangaza kuwa ACS itafungwa tarehe 2 Aprili 2026.

Nikatengeneza cheti, nikapakia nusu yake ya wazi, ufunguo wa faragha ukabaki kwenye seva. Ripoti ikapanda saa kumi alfajiri.