Nani Atoe Ruhusa?

Mwezi wa Mei, mwaka 1904, mtu mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misioni ya Waprotestanti huko Baringa, katika Kongo ya Mfalme Leopold II. Alikuwa amechukua furushi la majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi. Walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira, walikuwa wamemwua mtoto huyo pamoja na mama yake.

Bibi Alice Harris, mke wa misionari, alikuwa na mashine ya kupigia picha. Akamwomba Nsala aketi barazani, vile viungo viwili mbele yake. Nsala anavitazama, sisi hatutazami.

Picha hiyo ilipigwa chapa vitabuni, ikaonyeshwa ukutani kwa taa katika makumbi ya Uingereza na Marekani. Pamoja na ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904, iliamsha hasira ya watu, na mwaka 1908 Leopold akaiachia Ubelgiji nchi yetu. Hatuthubutu kusema kwamba afadhali isingalipigwa.

Lakini kuketi barazani Baringa ni jambo moja. Kutazamwa na wageni maelfu ni jambo jingine. Katika matanga yetu, ni nani afunuaye uso wa marehemu? Si jirani, wala si mgeni mwenye huruma. Ni jamaa.

Mama mmoja wa Marekani alilifanya jambo hili kwa mapenzi yake mwenyewe. Mwaka 1955 mwanawe Emmett Till, wa miaka 14, aliuawa na wazungu huko Mississippi. Mama yake, Mamie Till, aliagiza jeneza liachwe wazi huko Chicago, watu waone walilomtendea mtoto wake. Gazeti la Jet likaichapa picha. Aliamua yeye aliyemzaa.

Wengine watasema: tukingoja ruhusa, wauaji watafurahi. Neno hilo lina uzito. Lakini Nsala hakuficha kitu. Alileta furushi mwenyewe. Kumweleza picha itakwenda wapi kungalichukua muda mfupi tu.

Siku hizi, huku mashariki, picha za waliouawa hupita kutoka simu hadi simu kabla mama hajapata habari. Sisi nasi tulipokea moja, tukaipeleka mbele. Baadaye ndipo tukauliza ni mtoto wa nani.