Jiko la Kuni Lenye Dohani Katika Banda la Kupikia

Jiko la kuni lenye dohani ni jiko la kudumu, aghalabu la udongo au la matofali, ambalo chumba chake cha moto kimefungwa pande zote isipokuwa mdomo wa kutilia kuni, na ambalo moshi wake huongozwa na bomba, yaani dohani, hadi juu ya paa. Makala hii inahusu namna ya kulijenga kwa usalama ndani ya banda la kupikia, yaani kijumba kidogo kilichotengwa na nyumba ya kulala, kama vinavyoonekana katika kaya za Wasumbwa na Wasukuma wa Masumbwe na vijiji jirani, na pia katika vibanda vya mama lishe kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa kuwa Kiswahili hutumia neno jiko kwa chombo na kwa chumba, hapa chumba kitaitwa banda na chombo ndicho kitakachoitwa jiko.

Mji wa Masumbwe umo katika Wilaya ya Mbogwe, kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Rwanda na Burundi. Hadi mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Geita, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukombe katika Mkoa wa Shinyanga, na kwa habari ya kuni historia yake haitengani na ya Shinyanga. Misitu ya miombo ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na kwa nishati, hata serikali ikaanzisha mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI, ambao ulifufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu ili majani na miti vipate kurudi. Jiko linalotumia kuni chache lina thamani kubwa katika nchi iliyopitia hayo. Hata hivyo, uchache wa kuni na usalama ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kujengewa jiko linalobana kuni vizuri sana huku likiliweka banda lake katika hatari ambayo mafiga hayakuwa nayo.

Mafiga matatu huwaka wazi. Moto wake unaonekana, cheche zake nyingi huzimika kabla ya kufika paani, na moshi hutoka polepole kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Madhara yake makubwa ni kwa mapafu na macho ya mpishi na ya mtoto aliyebebwa mgongoni: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Dohani huondoa sehemu kubwa ya madhara hayo, lakini kwa kufanya hivyo hukusanya joto lililokuwa likitawanyika chumbani na kulipitisha mahali pamoja tu, kwenye tundu la paa, ambapo mara nyingi pana nyasi, fito na kamba kavu. Kwa sababu hiyo, usalama wa jiko la namna hii huamuliwa zaidi paani kuliko kwenye jiko lenyewe, na fundi anayetumia siku mbili kulainisha udongo wa jiko na nusu saa kupitisha bomba amegawa kazi yake kinyume.

Nguvu inayovuta moshi ni tofauti ya uzito wa hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi ina uzito wa takriban kilo 1.2, ilhali hewa iliyopashwa joto hadi nyuzi 200 hubaki na takriban robo tatu ya kilo. Hewa nzito ya nje husukuma ile nyepesi juu ya bomba, na kadiri bomba linavyokuwa refu na lenye joto ndivyo mvuto unavyoongezeka. Bomba fupi linaloishia chini ya kenchi, ambalo huonekana mara kwa mara kwa sababu mwenye banda aliogopa kutoboa bati, ni baya kuliko kukosa bomba kabisa, kwa kuwa hupuliza moshi na cheche moja kwa moja kwenye mbao za paa. Bomba lenye mikunjo mingi nalo hupoteza mvuto, hupoa na kukusanya masizi; mikunjo isizidi miwili, na bomba lililonyooka wima ni bora kuliko lolote lililokunjwa.

Kanuni za usalama wa moto zinazotumika Marekani hutaka bomba la bati la ngozi moja liwe umbali wa takriban sentimita 45 kutoka kwa kitu chochote kinachoweza kuungua, na jiko la chuma lenyewe liwe umbali wa takriban sentimita 90. Umbali huo huonekana mkubwa mno katika banda lenye upana wa hatua tatu, lakini una sababu yake. Mbao hushika moto zenyewe zinapofikia joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, ila boriti iliyookwa kwa miezi mingi kwenye joto la chini zaidi hukauka, hugeuka nyeusi kwa ndani na hatimaye huweza kuwaka kwa joto ambalo siku ya kwanza lisingeidhuru. Kwa hiyo bomba lililogusa pao mwaka mzima bila ajali halijathibitisha kwamba ni salama. Linaendelea kuliandaa pao hilo liungue.

Mahali bomba linapopita paani, pao na fito hukatwa na ncha zake kufungwa kwenye fremu ya mraba, ili pabaki nafasi tupu ya kutosha kila upande. Nafasi hiyo hufunikwa kwa sahani ya bati iliyotobolewa katikati, na juu yake, nje, bomba huvishwa kola, yaani koni ya bati inayokazwa kwenye bomba kwa mkanda wa waya na kushuka kama sketi juu ya sahani bila kuigusa, hivi kwamba maji ya mvua humwagika pembeni na hewa hupita katikati. Kuna mafundi wanaoziba pengo hilo kwa matambara yaliyolowekwa lami au kwa povu la plastiki ili banda lisivuje, na jambo hilo halina budi kukatazwa bila masharti, kwa kuwa lami na plastiki ndivyo vitakavyoanza kuwaka. Mvua huzuiwa na umbo la kola, kamwe si kwa kuziba.

Urefu wa bomba juu ya paa la bati unapaswa kuwa si chini ya sentimita 90 kutoka mahali linapotokea, na ncha yake ipite kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita tatu, vinginevyo upepo unaovuka mgongo wa paa huurudisha moshi ndani. Paa la nyasi ni shauri jingine. Kanuni za ujenzi za Uingereza, nchi ambayo bado ina nyumba nyingi za kuezekwa kwa nyasi, hutaka ncha ya dohani iwe angalau mita 1.8 juu ya uso wa paa la namna hiyo, na bomba refu kiasi hicho huhitaji kufungwa kwa waya tatu ili lisiangushwe na dhoruba za mwanzo wa masika. Kwa kaya isiyo na uwezo huo, uamuzi wa busara ni kutolipitisha bomba kwenye nyasi kabisa, bali kulitoa kupitia ukuta wa tofali na kulipandisha nje, mbali na ukingo wa paa, au kuezeka kwa bati upande ule tu wa banda uliopo juu ya jiko.

Jiko lenyewe lina nasaba ndefu. Namna iitwayo Lorena, ambayo jina lake limeunganishwa kutokana na maneno ya Kihispania ya udongo na mchanga, ilibuniwa Guatemala baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976. Jiko roketi, ambalo chumba chake cha moto kina umbo la kiwiko, mdomo ukiwa chini na njia ya moto ikipanda wima, lilibuniwa na Mmarekani Larry Winiarski katika miaka ya 1980. Mafundi wa Afrika Mashariki wameziunganisha namna hizo mbili na kutumia udongo ulio karibu nao. Huko Usumbwa na Usukumani udongo unaopendwa ni wa kichuguu, ambao mchwa wameusaga laini na unaonata vizuri. Huchanganywa na mchanga ili usipasuke, pamoja na nyasi zilizokatwakatwa au pumba za mpunga, ambazo huungua baadaye na kuacha vitundu vidogo vinavyozuia joto lisipotee. Jiko hujengwa juu ya msingi wa mawe au tofali, kamwe si juu ya kichanja cha miti, na huachwa likauke kivulini kwa majuma mawili au matatu kabla ya kuwashwa moto mdogo, kwa kuwa udongo mbichi ukikaushwa kwa moto mkali hufanya nyufa ambazo moshi hupitia. Tundu la bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 15 hulifaa jiko la sufuria mbili.

Bomba hutengenezwa na mafundi bati. Bati jipya lililopakwa zinki lina tahadhari yake: zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420, na ikipata joto kali zaidi ya hapo hutoa moshi mweupe unaomletea avutaye homa na baridi ya mwili kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo kipande cha kwanza cha bomba, kinachoshika mdomo wa jiko, hufaa kiwe cha chuma kisichopakwa zinki au kijengwe kwa tofali za kuchoma hadi usawa wa kifua, ndipo bati lianze. Vipande huunganishwa kwa kuingiza cha juu ndani ya cha chini, ili lami ya moshi inayotiririka ibaki ndani ya bomba badala ya kudondoka nje.

Moto unaovuta hewa kwa dohani lazima upewe hewa ya kuingia. Banda lililozibwa madirisha kwa magunia wakati wa baridi ya Juni na Julai hupingana na bomba lake, na mvuto unaposhindwa, kinachorudi chumbani ni pamoja na monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Makaa yasiyotoa moshi huitoa kwa wingi, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa moto uliokwisha kutulia huonekana kuwa umeacha kudhuru. Hakuna dohani inayoruhusu mtu kulala katika chumba chenye makaa, liwe banda la jiko, kibanda cha mlinzi machimboni au kabini ya lori lililoegeshwa kando ya barabara. Anayeamka na kichwa kizito na kichefuchefu katika chumba cha namna hiyo anapaswa kutolewa nje papo hapo na kupelekwa kituo cha afya.

Mfano wa karibu wa moto uliofungwa ndani ya kijumba ni bani la kukaushia tumbaku, lijulikanalo vyema Kahama na Urambo. Tanuru lake hutiliwa kuni kwa nje, na mabomba ya bati hupitisha joto sakafuni kabla ya moshi kutoka kwa dohani bila kuligusa jani. Wakulima wanajua kwamba bani huteketea pale jani kavu linapochomoka kwenye fito na kuangukia bomba la moto. Somo hilo lina kazi katika banda la kupikia, ambako kichanja cha kukaushia mahindi kilichokaa vema juu ya mafiga kwa vizazi hakina tena nafasi juu ya jiko lenye bomba, na kuni za kesho hazipaswi kupangwa zikiegemea jiko ili zikauke. Kuni hukaushwa juani hadi unyevu wake ushuke chini ya asilimia 20 hivi. Kuni mbichi huvuta joto la moto kwa kuchemsha maji yake, na moshi wake wa baridi ndio unaopaka bomba lami.

Katika ukanda wa dhahabu kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya majiko havina habari nayo. Mchimbaji mdogo aliyekamatisha dhahabu kwa zebaki hulichoma lile donge ili zebaki itoke, na moto ulio karibu mara nyingi ni wa jikoni. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, joto ambalo jiko la kuni hulifikia kwa urahisi, na mvuke wake hupoa na kuganda kwenye masizi ya bomba, kuta na sufuria, kisha huendelea kutoka kidogokidogo kila jiko linapowashwa kupikia ugali. Jiko lililotumiwa hivyo halisafishwi kwa kusugua; bomba lake halifai tena kupikia, na masizi yake hayafai kuguswa kwa mikono mitupu wala kumwagwa bustanini.

Jiko jipya hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa. Kishungi cha nyasi huwashwa mdomoni mwa jiko, na moshi wake unapaswa kuingia ndani mara moja. Ukisita, bomba ni fupi, limeziba, au mlango wa banda hauleti hewa ya kutosha. Baada ya moto kuwaka kwa nguvu kwa saa moja, kiganja huwekwa kwenye pao na ukuta ulio karibu zaidi na bomba, na mahali popote ambapo hakiwezi kutulia bila kuungua panahitaji umbali zaidi. Baadaye bomba hupanguswa masizi kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mapema zaidi ikiwa kuni ni mbichi.

Masizi yakiachwa yanenepe huweza kushika moto ndani ya bomba, na dalili zake ni mngurumo kama wa upepo na bati linalogeuka jekundu. Hapo watu wote hutoka bandani, mdomo wa jiko huzibwa kwa bati na udongo mbichi ili moto ukose hewa, paa la nyasi humwagiwa maji kwa nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114. Maji hayamwagwi ndani ya bomba, kwa kuwa hugeuka mvuke ghafla na kupasua viungo vyake. Jiko haliwashwi tena mpaka bomba lishushwe, viungo vyake vikaguliwe kimoja kimoja, na fremu ya mraba iliyo paani ichunguzwe kwa ndani kama kuna ubao uliogeuka mweusi.